Nguvu Bila Daftari

Kuna kauli moja pale Gerezani ambayo mimi nimeichoka. Utaisikia kila mara kijana mwenye Mark II au Chaser anapomuuliza fundi namna ya kuiongezea gari yake nguvu: "Wewe funga tu! Mengine tutayaona mbele ya safari." Kauli hiyo ni tamu. Inampa mwenye gari matumaini, inampa fundi kazi na inampa muuza spea mshiko. Lakini ni kauli ya uongo, na leo nataka kuibishia hadharani, kwa hesabu na kwa Kiswahili.

Msimamo wangu nauweka mapema, ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika. Supachaja ni kifaa cha mwisho kununuliwa, si cha kwanza. Anayeanza na supachaja amenunua bati kabla ya kuchimba msingi. Na msingi wa injini yenye nguvu hauchimbwi kwa spana. Unachimbwa kwa kalamu, kwenye daftari, kabla bolti hata moja haijalegezwa. Wazee waliokaa madukani walisema zamani: mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba nguvu bila daftari huisha kwa kishindo.

Najua msomaji ameshaanza kuguna. "Bwana we, hapa ni mahali pa hadithi na mashairi, unatuletea grisi?" Ndiyo, naleta grisi. Ninaandika riwaya, na mhusika wangu mkuu ni kijana wa Gerezani anayetaka gari lake la kutembelea, la kwendea kazini na kurudi, liwe na supachaja. Nilipofika sura ya tatu nikahitaji kujua kijana huyu aanze na nini Jumatatu asubuhi. Nikaenda kuuliza. Mafundi watatu wakanipa majibu matatu. Wa kwanza alisema punguza kompresheni. Wa pili alisema weka gasketi mbili chini ya hedi, yatosha. Wa tatu alisema, umeshajua alichosema. Nikauliza haya yameandikwa wapi. Wote watatu wakacheka.

Simcheki fundi mimi. Fundi wa Gerezani anaweza kusikiliza injini kwa bisibisi aliyoiegemeza sikioni akakutajia silinda yenye matatizo. Anaweza kuinunua injini ya mtumba iliyotoka Japani bila kuiwasha, akaichungulia kwenye kifuniko cha oili, akakuambia hiki ni kimeo. Elimu hiyo ni kubwa. Lakini ni elimu ya kutambua kitu kilichokwisha kuharibika. Kupanga kitu ambacho bado hakipo ni elimu nyingine, na hiyo haiwezi kukaa sikioni peke yake. Injini yenye supachaja bado haina mlio wa kusikiliza. Ina namba tu.

Basi tuzitazame hizo namba.

Injini ya petroli inakula hewa na mafuta. Mafuta ni rahisi kuyaongeza. Hewa ndiyo shida, kwa sababu pistoni ikishuka inavuta kile tu ambacho anga imeijalia. Supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya kranki, ikaisukuma hewa ndani kwa nguvu. Turbo inafanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe inazungushwa na moshi wa ekzosi. Ndiyo maana turbo hukawia kidogo kuamka, na supachaja huamka papo hapo unapokanyaga. Malipo yake ni kwamba supachaja inakula sehemu ya nguvu ya injini yenyewe ili izunguke. Cha bure hapo hakuna.

Anayedhani haya ni mageni kwetu na asome majina ya injini zilizopangwa sakafuni. Toyota wanaandika herufi baada ya kistari, na kila herufi ina maana. F ni hedi ya kubana matumizi, G ni hedi ya mbio yenye valvu zilizoachana kwa pembe pana, T ni turbo, Z ni supachaja, E ni mafuta yanayopimwa kwa umeme. Kwa hiyo 1G-FE ni injini ya kwenda kazini, na 1JZ-GTE ina turbo. Z iliyo kabla ya kistari, kama kwenye 1JZ, ni jina la ukoo wa injini tu, usikubali kuuziwa maneno. Lakini 4A-GZE ina supachaja ya kiwandani, na 1G-GZE pia, ile ambayo Toyota waliiweka kwenye Crown na Mark II miaka ya 1980. Alfabeti nzima ya nguvu imelala chini pale Gerezani ikikanyagwa, na sisi tuliomaliza kidato cha nne tunaipita bila kuisoma.

Pampu yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya mbio. Ndugu wawili wa jimbo la Indiana kule Marekani, Philander na Francis Roots, waliipatia hataza mwaka 1860, magari ya petroli yakiwa bado hayajazaliwa. Ikatumika kupuliza hewa kwenye matanuru ya kuyeyushia chuma. Mwaka 1938 General Motors walianza kutoa injini za dizeli za mipigo miwili, mfululizo wa 71, na wakaziwekea pampu ya aina hiyo kwa sababu injini ya namna ile haiwezi kupumua bila kupuliziwa. Ile iliyoitwa 6-71 ilikuwa na silinda sita, kila moja inchi za ujazo 71. Baadaye vijana wa Kimarekani wakawa wanazing'oa pampu hizo kwenye injini za malori na mabasi na kuzipandisha juu ya V8 za magari yao madogo. Maana yake nini? Maana yake supachaja ya mtaani ilianzia kwenye vyuma chakavu, mahali ambapo mtu wa Gerezani angejiona yuko nyumbani kabisa. Hatuna sababu ya kuiogopa. Tuna sababu ya kuihesabu.

Sasa turudi kwa mshikaji wetu wa "funga tu". Yeye anaamini kwamba supachaja inaongezwa juu ya injini kama keria juu ya paa. Tuwaulize wenye viwanda, maana wao wana pesa na maabara, na kama ingekuwa rahisi hivyo wangekuwa wa kwanza kufanya.

Marekani kuna yale magari wanayoyaita ya misuli: gari la kawaida la familia lililopewa injini kubwa, mtindo ulioshika kasi baada ya Pontiac GTO ya 1964. Mustang ni jamaa yao wa karibu. Ford walipotoa Mustang SVT Cobra ya mwaka 2003 yenye supachaja, je, walichukua Cobra ya 2001 wakaifunga pampu tu? La hasha. Ile ya 2001 ilikuwa na bloku ya alumini, kompresheni ya 9.85 kwa 1 na nguvu za farasi 320. Ile ya 2003 ilipewa bloku ya chuma cha kusubu, pistoni za kufuliwa, konrodi nzito zaidi, kipozea hewa, na kompresheni ikateremshwa hadi 8.5. Nguvu ikapanda hadi farasi 390. Yaani kampuni yenye wahandisi wa kumwaga ilianzia tumboni mwa injini, ndipo ikapanda juu.

Toyota nao? Injini ya 4A-GE ya lita 1.6 ilitoka na kompresheni ya 9.4. Walipoizalia ndugu mwenye supachaja mwaka 1986, hiyo 4A-GZE, wakaiteremsha hadi 8.0 na kuipa pistoni zake maalumu. Baadaye, walipokwisha kuielewa vizuri, wakaipandisha hadi 8.9. Tazameni mwendo huo: walishuka kwanza, wakajifunza, ndipo wakapanda. Sisi tunataka kupanda tukiwa tumefumba macho.

Sababu yake ni hii. Pistoni inagandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla plagi haijachoma. Ukiwa umeshaugandamiza kwa supachaja kabla haujaingia silinda, pistoni inagandamiza kilichokwisha kugandamizwa. Joto linapanda, na mafuta yanalipuka yenyewe kabla ya zamu yake. Mafundi husema injini inagonga. Mlio wake ni kama kokoto ndani ya kopo. Mtu akiupuuza, pistoni inatoboka, ringi zinavunjika au gasketi ya hedi inaungua. Hapo ndipo "mengine tutayaona mbele ya safari" inapotimia. Kweli mtayaona.

Na wale wa gasketi mbili? Kweli, gasketi mbili zinashusha kompresheni. Lakini zinaongeza mlango wa kuvujisha presha pale pale ambapo presha inazidi, na zinaipanua ile nafasi nyembamba kati ya pistoni na hedi ambayo mtengenezaji aliiacha makusudi ili mchanganyiko ukorogeke vizuri. Umeponya ugonjwa mmoja, umeita miwili. Dawa ni pistoni zenye umbo la kazi hiyo.

Hebu tufungue daftari la kijana wangu wa kwenye riwaya. Gari lake ni Mark II GX100, injini 1G-FE ya toleo la 1998, lita mbili, silinda sita mstarini, inavuta kwa nyuma. Kwa hapa Dar hiyo ndiyo gari yetu ya misuli. V8 waachie wenye nazo. Kiwandani ilitoka na farasi 160 na kompresheni ya karibu 10 kwa 1.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ni lengo. Kijana anaandika: farasi 220, gari la kuendea kazini, linakaa kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere bila kuchemsha. Hiyo sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko namba. Gari la mashindano linakimbia kidogo halafu linasukumwa kwenye hema. La mtaani linasimama Kamata dakika arobaini juani, mwenye gari ana njaa na feni ya rejeta inalia.

Ukurasa wa pili ni joto. Anga ya pwani ina presha ya paundi 14.7 hivi, kwa kipimo kile kile cha kujazia matairi. Supachaja ikiongeza paundi 7 na kitu, hewa imegandamizwa mara moja na nusu. Mtaani watakuambia: basi nguvu nayo imepanda kwa nusu, kutoka 160 hadi 240, mambo bomba! Subiri. Hewa ya Dar mchana ni nyuzi 32. Ukiigandamiza mara moja na nusu, hata kwa pampu isiyo na dosari yoyote, itafika karibu nyuzi 69. Pampu ya aina ya Roots ina dosari zake. Tukiipa ufanisi wa asilimia 60, hewa inatoka na nyuzi 94 hivi, nusura ichemshe chai. Na hewa ya moto imetanuka. Ukipiga hesabu, ile mara moja na nusu imebaki kuwa robo tu ya hewa ya ziada. Farasi 160 wamekuwa 200, na hapo bado mkanda haujachukua zaka yake.

Sasa weka kipozea hewa, mafundi wanakiita intakula, kinachoishusha hewa hiyo hadi nyuzi 50. Ile robo inapanda hadi karibu asilimia 40. Farasi 220 wanaanza kuonekana kwa mbali, hata mkanda ukikata fungu lake. Mnaona? Kile ambacho mtu wa "funga tu" angekiacha kwa kubana pesa kimebeba zaidi ya theluthi ya faida yote. Asingelijua hilo kwa sikio wala kwa ushujaa. Angelijua kwa daftari tu.

Ukurasa wa tatu ni mafuta. Injini yenye supachaja inahitaji kama gramu 270 za petroli kwa kila farasi kwa saa, ukiwa umekanyaga mpaka mwisho. Farasi 220 ni kilo 60 kwa saa, yaani lita 80 na kidogo. Zigawe kwa dakika, zigawe kwa nozeli sita: kila nozeli imwage sentimita za ujazo 225 kwa dakika. Nozeli haipaswi kufanya kazi bila kupumzika, mpe asilimia 80 ya muda, kwa hiyo tafuta nozeli za sentimita 280. Ndizo hizo. Unaingia dukani ukiwa na namba mkononi, na muuzaji hawezi kukuzungusha. Kisha pampu ya mafuta nayo iulizwe swali hilohilo, maana nozeli kubwa mbele ya pampu dhaifu ni mabomba mazuri kwenye nyumba isiyo na maji.

Na mafuta yasiwe mengi tu, yachanganywe sawasawa. Injini ya kawaida inapotembea taratibu inapewa hewa sehemu 14.7 kwa mafuta sehemu moja. Chini ya presha ya supachaja unataka hewa 12 au chini yake kidogo, ili mafuta ya ziada yapoze. Kontroli boksi ya kiwandani haikuambiwa kwamba kuna supachaja. Itaendelea kupima maisha ya zamani. Lazima ifundishwe upya, taimingi irudishwe nyuma presha inapopanda, na afanye hivyo mtu mwenye kipimo cha ekzosi, siyo mwenye pua kali.

Halafu kuna petroli yenyewe. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa uliisumbua nchi hii hadi EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Mafuta ya taa yanaishusha oktani, na oktani ni ile stahamala ya petroli dhidi ya kulipuka kabla ya wakati. Injini ya kawaida ikinywa petroli mbaya inakohoa. Injini yenye supachaja inakufa. Kwa hiyo daftari liandike akiba: panga kwa petroli mbovu utakayoipata njiani usiku, usipange kwa ile nzuri unayoijua.

Ukurasa wa nne ni puli, na hapa ndipo wachonga vyuma wetu wanapong'ara. Injini ya lita mbili ya mipigo minne inavuta takriban sentimita za ujazo 1,000 kila kranki inapozunguka mara moja. Chukua supachaja inayomeza 1,400 kwa mzunguko mmoja. Ikizunguka sawa na kranki, kwenye karatasi inasukuma mara 1.4. Lakini hewa kidogo inarudi nyuma kwa kuvuja, tuseme asilimia 15. Kupata mara moja na nusu, puli ya kranki iwe kubwa kuliko ya supachaja kwa kama robo: kranki milimita 150, supachaja milimita 120. Hiyo ni hesabu ya kuanzia, kipimo cha presha ndicho kitasema ukweli. Lakini mpelekee mchonga wa Gerezani karatasi hiyo na atakuchongea. Mpelekee maneno "nataka ikimbie" naye atakuchongea chochote.

Ukurasa wa tano ndio unaorukwa na wote: kusimama. Gari linalokwenda 120 limebeba nishati mara mbili na robo ya gari linalokwenda 80, kwa sababu mwendo unajizidisha kwa wenyewe. Breki ni zile zile. Tairi ni zile zile za mtumba. Na barabara ni Msimbazi, penye mkokoteni mbele, bodaboda kushoto, mama na mtoto mgongoni kulia. Sheria yenyewe inasema kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi. Ninaposema kuna jambo kubwa hapa siongelei pistoni. Pistoni inanunuliwa. Kijana anayeongeza nguvu bila kuongeza breki ameamua jambo kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza.

Hayo ndiyo madai yangu. Sasa niwajibu wapinzani, maana najua wapo.

Wa kwanza anasema: "Hizo ni hesabu za Wazungu, huku kwetu barabara ni nyingine." Vema, tuzungumze barabara za kwetu. Lancia 037 ilikuwa gari la mbio lenye supachaja ya mkanda. Katika Safari Rally ya mwaka 1986, Markku Alén alilifikisha la tatu, nyuma ya Toyota Celica mbili za turbo za Björn Waldegård na Lars-Erik Torph. Vumbi, joto na matope ya Afrika Mashariki hayakuizuia supachaja. Ila waliokuja nayo walikuja na madaftari, tena mengi. Na hesabu za kwetu ni ngumu kuliko zao, siyo rahisi. Panda Kitonga ukafika Iringa: pale juu anga ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko hapa pwani. Nairobi inakaribia asilimia 20. Gari lililopangwa Nairobi likaonekana zuri, likishuka Dar linakutana na hewa nzito kuliko ile lililoizoea, presha inapanda, na kama mafuta hayakupangwa kulingana nayo, kokoto zinaanza kulia kwenye kopo. Jiografia ya kidato cha pili, jamani! Tuliikariri kwa mtihani tu?

Wa pili ana hoja nzito zaidi: "Kwa nini nihangaike? Nitatafuta 1JZ-GTE ya mtumba, farasi 280, nifunge, nimalize." Huyu namheshimu. Mara nyingi yuko sahihi. Anayenunua injini iliyotoka kiwandani na turbo amenunua daftari la Toyota likiwa limeshajazwa: pistoni, nozeli, kontroli boksi, vyote vimekwisha kukubaliana. Ila na yeye anadaiwa kurasa zake, za gia boksi, za shafti, za difu, za rejeta, za breki, na ya kadi ya gari, kwa sababu namba ya injini imeandikwa mle. Na tazama jinsi hoja yake inavyoniunga mkono. Kijana wangu wa riwaya, baada ya kujaza kurasa tano, anaweza kugundua kwamba pistoni, intakula, nozeli, pampu na kontroli boksi vimezidi bei ya injini nzima ya turbo. Basi afunge daftari, aiache supachaja dukani. Daftari linalokuambia "usijenge" limefanya kazi kuliko lingine lolote. Nyundo haijawahi kumwambia mtu hivyo.

Wa tatu ananong'ona: "Fundi akiandika siri zake, ataibiwa kazi." Hofu hiyo naielewa, njaa haina adabu. Lakini siri isiyoandikwa inaibiwa na mwizi mkubwa zaidi, kaburi. Fundi mzee akiondoka, kijana wake anabaki na nusu ya maneno na spana. Anaanza upya kwa injini za watu, na gharama ya shule yake wanailipa wenye magari.

Na wa mwisho ni sisi wenyewe, waandishi wenzangu. Gari kwenye hadithi zetu lina kazi mbili tu: kumleta bosi na kumuua mhusika. Linanguruma kama simba, linaondoka kwa kasi ya ajabu, linaacha vumbi, basi. Anayelitengeneza hana jina, na akiwa nalo ni mlevi wa kuchekesha mwenye ovaroli chafu. Tunalalamika kwamba vijana hawasomi. Watasoma nini? Kijana wa Gerezani akifungua kitabu hakuti hata kitu kimoja anachokijua vizuri kuliko mwandishi, kwa sababu mwandishi hakuuliza.

Msiniambie Kiswahili hakina maneno. Mimi nimeandika makala nzima: kranki, konrodi, nozeli, puli, ringi, hedi, kompresheni, taimingi, kunoki. Maneno hayo sikuyabuni, nimeyaokota Gerezani yakiwa na mafuta. Watu wa pale wamekwisha kufanya kazi ya kamusi. Kilichobaki ni kazi ya daftari, na hiyo ndiyo inayotuhusu sisi tuliopelekwa shule kwa karo za shida.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja, na wahariri wanisikie. Kila toleo la jarida hili litenge ukurasa mmoja wa fundi. Mwandishi mmoja aende kwa fundi mmoja, akae naye siku nzima, aandike kazi moja tu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na namba zake zote: kupanga pistoni, kuchonga puli, kupima nozeli, kusoma rangi ya plagi. Jina la fundi likae juu akiridhia, la mwandishi chini. Fundi asomewe kabla haijachapwa, asahihishe kwa kalamu yake mwenyewe. Mimi ukurasa wa kwanza nauomba, wa puli. Mchonga ninayemfikiria ana mashine iliyomzidi umri, na ameniambia nikifika nifike asubuhi, kabla umeme haujakatika, na nije na penseli, kwa sababu peni haiandiki juu ya grisi.